Pikipiki Yenye Nafasi ya Mkwe

Domitila, mke wangu,

Nimenunua pikipiki. Najua ungecheka kwanza, kisha ungeniuliza kama nimerogwa. Ni ile kubwa ya shirika la wakimbizi, iliyokuwa ikipita hapa Mbuba na kurusha tope mpaka kwenye nguo ulizoanika, nawe ukimtukana dereva kwa Kisubi ili asielewe. Ndiyo hiyohiyo. Sasa ni yetu. Naandika yetu kwa sababu mkono umezoea hivyo.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Wanyarwanda wamerudishwa kwao. Barabara ilijaa watu wenye magodoro na masufuria vichwani, halafu ikawa kimya. Kambini vimebaki vilima vitupu na mashimo tuliyochimba sisi vibarua. Wazungu wanafunga maghala, na sisi tumeambiwa kazi imekwisha. Wenzangu wa Iramba wamepanda malori wakarudi nyumbani. Waliponiuliza ninangoja nini, nikasema nina jambo la mama yako.

Mama yako alikuwa hajaona kaburi lako.

Wewe hukujua yaliyotokea mwisho, fahamu zilikuwa zimekutoka. Homa ilikupanda pamoja na mimba yako, mvua haikukatika, na maji yakabomoa njia. Gari la kukurudisha kwenu Nyakahura halikupatikana. Ukazikwa hapa, nyuma ya migomba ya mama mwenye nyumba wetu. Nilitaka kuchimba mwenyewe. Wakaninyang'anya jembe, wakasema mume hachimbi. Mimi, Domitila. Nimewachimbia vyoo watu nisiowajua hata majina, na shimo lako nikaketishwa kando nilitazame.

Tangu habari ifike kwenu, mama alikuwa akilala chini karibu na mafiga, juu ya nyasi. Alisema hatapanda kitandani mpaka aone walipomlaza mwanawe. Kaka yako Deo alimpandisha lori mara moja. Harufu ya dizeli ikamtapisha, akashushwa kabla hawajaingia porini, amelegea kama nguo iliyoloweshwa. Baiskeli haiwezi, mguu wake unavimba. Ndipo Deo akaazima kipikipiki cha katekista, akaniita.

Kile kipikipiki kina kiti kifupi. Mama alichungulia mlangoni, akakitazama, akarudi ndani. Nilimsikia akisema, "Nimkalie mkwe wangu mgongoni?"

Deo akacheka kidogo. "Basi niendeshe mimi."

"Wewe ulimwangusha padri mtaroni, akiwa na kanzu yake nyeupe. Siendi na wewe."

"Sasa mama, Domitila ameshakufa. Huyu si mkwe tena, ni mtu tu. Mshike kiuno muende."

Mama akarudishia mlango. Nami nilikuwa nimesimama pale uani nikiangalia tairi.

Neno hilo lilinikaa, mke wangu. Ni mtu tu. Deo hakulisema kwa ubaya, ni shemeji yangu na ananipenda. Lakini nililigeuza kichwani siku nyingi. Mtoto hatukubahatika, aliondoka nawe. Wewe haupo. Mimi ni Mnyiramba niliyekuja kutafuta kibarua. Kwa watu wa Nyakahura mimi ni nani sasa?

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenu? Kwetu pia tunawaheshimu wakwe, ila si kama ninyi. Niliingia nikicheka, mkono mbele, na mama yako akakimbia kupitia mlango wa nyuma huku maharage yakimwagika ungoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanifundisha: simama nje, geuza uso, salimu ukutani. "Shikamoo mama." Sauti ikatoka ndani, "Marahaba, mkwe wangu." Tukaongea habari za mvua na ng'ombe, ukuta ukiwa kati yetu, nawe ukipita huku na huku na maji ya kunywa. Baadaye niliupenda ule ukuta. Hakuna nyumba niliyowahi kuheshimiwa ndani yake kama pale nje ya ile yenu.

Kwa hiyo niliposikia shirika linauza vyombo vyake, sikuangalia meza wala mabati. Niliiendea pikipiki kubwa, ile ya safari ndefu, yenye tangi pana na masanduku ya bati ubavuni. Nembo imekwanguliwa lakini kivuli chake bado kinaonekana. Kilichonivutia ni kiti. Kirefu, halafu nyuma yake kuna keria ya chuma. Nilipima kwa mikono yangu. Mimi mbele, mama nyuma kabisa, na katikati nafasi ya mzigo.

Salumu, fundi wa karakana yao, alikuja akanikuta nimeishika injini asubuhi, bado baridi. Hilo nilikuwa nimeambiwa, kwamba ukiikuta ya moto ujue wameiamsha kwanza kuficha ugonjwa. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mnyiramba, kwa miguu hiyo? Hapo nani atambeba mwenzake?"

Kweli, nikikaa vidole ndivyo vinavyogusa ardhi, tena vya mguu mmoja.

"Chukua ile ndogo," akasema. "Hii inakunywa petroli kama lori. Fremu imeungwa hapa chini, ona. Cheni imelegea. Unataka sifa tu."

"Ile ndogo haina nafasi ya mkwe," nikamwambia.

Karakana nzima ilicheka. Mmoja akasema niifunge na kitanda kabisa nimbebe baba mkwe pia. Nikawaacha wacheke. Kisha nikamweleza Salumu habari zako, na za mama kulala kwenye nyasi. Aliacha kucheka. Akaikaza cheni, akabadilisha plagi, akachomelea chuma cha kukanyagia upande mmoja ili mama akae kiupande. Jioni kadhaa alinifundisha kuimudu kwenye uwanja wa maghala. Nilianguka nayo, nikaungua mguu na ekzosi. Akaniambia, "Usisimame mahali pa tope. Ukisimama imekulalia." Nilitoa nilichokuwa nacho na mbuzi wetu pia. Usinikasirikie kwa mbuzi.

Mzigo wa katikati ulikuwa nguo zako. Zilikuwa bado kwangu, na kwa desturi ya kwenu ilikuwa lazima mama azigawe mwenyewe kaburini. Nilizifunga furushi kubwa, nikalikaza kwa mpira. Mama alipotoka pale Nyakahura, amejifunika khanga mpaka machoni, aliligusa furushi akalijua. Deo akampandisha. Mkono mmoja ukashika keria, mwingine ukalikumbatia furushi.

Tuliondoka nyuma ya msafara wa mabasi na polisi wao, maana pori lile bado lina majambazi. Sikuweza kugeuka kumtazama. Kwenye makorongo nilisikia furushi likinisukuma mgongoni na kurudi. Domitila, sijui niandike nini hapa. Ulikuwa katikati yetu kama zamani.

Karibu na Mbuba palikuwa na tope, nikapunguza mwendo, mashine ikainama. Mguu haukufika chini. Tukalala wote watatu, taratibu, kama ng'ombe anayejilaza. Nilipoinuka mama alikuwa ameketi kwenye majani, furushi mapajani, uso ameugeuzia shambani kama inavyopasa. Akasema, akiyaambia mahindi, "Mwambieni mkwe wangu mimi ni mzima."

Kaburini sikukaa karibu. Nilisimama upande wa pili wa migomba. Nilimsikia akikuita jina lako la utotoni, lile ulilonikataza kulitumia. Alilia kwa sauti niliyodhani imeshaisha. Kisha akawaita wanawake waliokuosha, akafungua furushi, akagawa kila nguo. Gauni la kijani alipewa mama mwenye nyumba. Hakubakiza hata kitambaa.

Ndipo nilipoogopa. Nilipoileta pikipiki, kiti kilikuwa kitupu kutoka mgongoni kwangu hadi keria.

Mama mwenye nyumba akasema, "Bibi, njia ni mbaya. Mshike tu kijana, hakuna atakayekucheka. Mwenye mume ndiye huyo amelala."

Niliinamisha kichwa. Nilijua angenishika ningemfikisha salama, wangenishukuru, wangenipa chakula cha njiani, na mimi ningekuwa mtu mwema aliyepita. Ningerudi Iramba nikiwa sina mkwe, na bila mkwe sijui ningesemaje kwamba niliwahi kuwa na mke.

Mama akachechemea kwenye migomba. Akavunja majani makavu, mengi, akayakunja na kuyafunga kwa kamba ya mgomba mpaka yakawa furushi nene. Alikataa kusaidiwa. Akalibeba, akaliweka mwenyewe katikati ya kiti, akaligandamiza kwa mikono miwili. Kisha akageuza uso.

"Mwambieni mkwe wangu tunaweza kwenda."

Niliendesha njia nzima nikilia ndani ya kofia ya chuma, na vumbi likanisaidia.

Sasa mama analala kitandani. Deo ndiye aliyeniambia, kwa aibu kidogo, tena akaniita shemeji mbele ya watu sokoni. Nimepata kibarua cha kupakia mahindi Nyakahura, si kikubwa. Mgongo unauma, umri unakuja. Nyumbani wataniona mjinga.

Domitila, pumzika. Maadamu mama yako anapumua sitaiuza hii mashine, hata ikinilia chakula. Kila mwaka kabla mvua haijaharibu njia nitamleta kwako, na nitasimama upande wa pili wa migomba mpaka mtakapomaliza maongezi yenu.

Mumeo,
Elia