Kwa Baba Yetu Boga, Aliyeanguka Akikunja Mkeka

Mwaka umekatika, Baba, tangu utoke nyumbani Ukunda ukiwa mzima, na akili zetu bado zimesimama palepale mlangoni. Hukuwa na homa. Hukulalamikia kichwa. Ulikunywa chai, ukala mahamri uliyowekewa na mwanao Biasha, ukasema jioni utapitia Munje kumjulia hali Bibi.

Kazi yako ilikuwa kutunza mikeka ya kijani ya kuchezea badmintoni katika ukumbi wa hoteli moja huko Diani. Ufagio laini kwanza, kisha kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kungoja ikauke. Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, hukuiruhusu ikaribie, ulisema inaupasua mkeka. Mvua ikinyesha ulifunua pembe ukapapasa chini kwa kiganja, maana unyevu wa pwani huingia bila hodi. Na mchezaji akidondosha jasho, ulikuwa umeshapiga goti na kitambaa chako. "Jasho la huyu ndilo litakalomtelezesha yule," ulikuwa ukituambia.

Bibi Mwanapili aliwatangazia watu wa Munje kuwa mwanawe ni fundi wa mikeka hotelini. Wakaanza kukuletea mikeka ya ukili iliyofumuka. Hukumsahihisha mama yako. Ulijifunza kushona, ukawashonea, na hukumtoza mtu.

Siku ile mashindano ya wageni yalikuwa yamekwisha. Wewe na Enos, mwenzako wa kazi, mlikuwa mnakunja mkeka, yeye upande mmoja na wewe upande wa pili. Anasema mlikuwa mnacheka. Akahisi upande wako umekuwa mzito, akakutania, "Mzee Boga, leo umechoka mapema." Hukumjibu. Alipoinua kichwa, ulikuwa umelala kifudifudi, mkono ungali umeushika mkeka.

Wenzenu walikupakia garini kukupeleka hospitali Msambweni, naye Enos akaja kutuita. Mama alikuwa uani akikuna nazi. Enos akaingia na soksi tu, kwa kuwa ninyi hamkuwa mkikanyaga mkeka na viatu, na hakukumbuka kuvivaa.

"Enos, viatu vyako viko wapi?" Mama akamuuliza.

"Mama Biasha, mzee ameanguka."

"Ameanguka wapi? Ukumbini hamna ngazi."

Mama akaendelea kukuna, hata nyama ya nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu.

Tulipofika hospitali ulikuwa umeshatutoka. Daktari alisema ni moyo. Tulimtazama kana kwamba anatupa habari za mtu mwingine. Jioni tukakufikisha Munje. Bibi akatoka kukulaki, akatuuliza mbona tumekuja wengi hivi.

Eda ilipokwisha, Mama alitushtua tena. Alikwenda hotelini kuomba kazi yako. Nassir alimsihi asiende.

"Mama, utaweza kuingia pale?"

"Pale ndipo babako aliposhika kitu mara ya mwisho," akasema. "Wataka mgeni ndiye apapanguse?"

Enos anatuambia kuwa siku ya kwanza Mama alivua viatu, akaketi katikati ya mkeka muda mrefu. Enos hakumsogelea. Kisha Mama akamnyooshea mkono, akamwomba kitambaa. Sasa wanaukunja wao wawili, na Enos huita jina la Mama kabla ya kila mvuto, apate kumsikia akiitika.

Tunaokuombea ni mkeo Hanifa, wanao Biasha na Nassir, nduguyo Abdulaziz, na mama yako Bi Mwanapili, ambaye bado hutuuliza utakuja lini. Yumo na Enos, aliyetuomba jina lake liandikwe pamoja na ya ndugu zako.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba, akulaze pema. Maadamu tunapumua, hutasahaulika nyumbani kwako.