Uso Alioutaka Bi. Odete

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Kazini, jumba la sanaa: mialiko, stempu. Ulimi una ladha ya gundi. Nimechapa tena wasifu wa Bi. Odete kwa ajili ya maonyesho: alizaliwa Lisbon, polisi wa mtawala waliwatambua na kuwakamata rafiki zake kwa picha aliyowachora, akakimbilia Paris, sifa, ndoa, kisha Washington. Tangu rafiki hao wakamatwe hajachora uso wa mtu. Milango tu, rangi juu ya rangi, kisha anaikwangua kwa kisu cha mkate. Najua maisha yake kuliko ya mama yangu. Yeye huniita "binti wa simu".

Jumatano, 7 Oktoba
Nilisahau ufunguo wa nyumba. Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye Springfield, nje ya Washington, akauleta akiwa na sare yake ya kuhudumia wazee. "Wee dada, siku moja utasahau kichwa, na hicho sikuletei!" Kicheko chake kikajaa ukumbini. Bi. Odete akageuka. Akamtazama muda mrefu, akasema anautaka uso huo kwa picha ya mwisho ya maonyesho.
Mimi nilikuwa papo hapo, kahawa yake mkononi.
Ninamwonea Wanjiru wivu. Nimeandika nione kama utapungua. Haupungui.

Ijumaa, 9 Oktoba
Bi. Odete amepiga simu. Nimwambie Wanjiru aje kesho asubuhi, chumba chake cha kazi, College Park. "Ndiyo, mama."
Sijamwambia. Amepika ugali, akanipa mnofu mkubwa. "Na yule mama Mreno, hajasema kitu?" Nikajibu bado. Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimekwenda mwenyewe. Nikasema Wanjiru yuko kazini. Uongo. Nilimwacha nyumbani anafua.
Bi. Odete alinikagua kama kiti cha mnadani. "Basi keti wewe."
Furaha. Kila gari likisimama nje, nageukia mlango.
"Unatazama nini mlangoni?"
"Hakuna, mama."
Akachora. Akakwangua. Akachora tena.

Jumatano, 14 Oktoba
Wanjiru haulizi tena. "Labda alipata mrembo mwingine." Akacheka peke yake. Simu ya nyumbani ikilia naikimbilia, asije akaipokea yeye. Nimemwambia picha nitakayokuwamo ni siri ya ofisi. Hapana. Sijamwambia chochote. Hata humu nimeanza kudanganya.

Ijumaa, 13 Novemba
Ufunguzi. Wanjiru amekuja na gauni la kanisani. Sikumwalika, aliona mwaliko mezani.
Picha iko ukuta wa mwisho. Uso ni wangu, hakuna ubishi. Macho yametupwa pembeni, kwenye mlango. Shingo imekaza, kama mtu anayezuia mwenzake asiingie. Watu wanaisifu. Natamani ikwanguliwe.
Wanjiru akasimama mbele yake. Hakucheka.
Bi. Odete akamjia. "Jumamosi ile nilikungoja wewe. Huyu binti wa simu alisema uko kazini."
Mkurugenzi wangu alikuwa karibu, anasikiliza. Niliona kazi yangu imekwisha.
Wanjiru akanitazama mimi, si picha.
"Ndiyo, mama," akasema. "Nilikuwa kazini."
Kwenye basi alikaa kiti cha mbele. Mimi nyuma.

Jumamosi, 14 Novemba
Jana, wakati wa kuaga, Bi. Odete aliniita kwa jina langu. Mara ya kwanza.
Wanjiru ametoka kabla sijaamka. Ufunguo wangu ameuweka juu ya viatu vyangu, nisiusahau.
Siku zote hunibakizia chai kwenye chupa. Nimeitikisa. Tupu, imeoshwa.