Mashine Iliyosubiri Utepe

Mpendwa Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sikuombi radhi. Ungekuwepo ungesema, "Mama Zuhura, kunywa maji kwanza." Nimekunywa. Hasira ipo palepale.

Unakumbuka tulivyoezeka nyumba yetu hapa Lisekese? Wewe juu, mimi chini nimeshika ngazi, Zuhura mgongoni. Uliniambia, misumari imekujaa mdomoni, "Ukishika wewe, huku naweza hata kusinzia." Nikakujibu usinzie, nikuache uanguke kama embe. Tulicheka sana. Siku hizi utani ule siutaki, ila unakuja wenyewe.

Nakumbuka pia jioni uliyorudi kutoka ghala la korosho umechangamka kama bwana harusi. Wameleta mashine ya kuinulia mafundi! Mtu anasimama kwenye kikapu chenye vyuma hadi kifuani, anafunga mkanda, anapandishwa polepole hadi darini. Nikakuuliza, "Kwa hiyo ngazi basi?" Ukasema, "Bado. Haijazinduliwa. Inamsubiri mgeni rasmi."

Ikafunikwa turubai, ikafungwa utepe. Kesho yake wakakupandisha kwenye ngazi ufunge taa za sherehe ya kuizindua. Sakafu ya saruji, inateleza, na hakuna aliyekushikia. Mashine ilikuwa pembeni yako, Baba Zuhura. Pembeni yako!

Tulikuzika kwenu Mnyambe. Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akainuliwa kidogo apigwe picha chini ya taa ulizofunga wewe. Mimi walinikalisha mbele. Meneja akaniinamia, "Pole mama, ni kazi ya Mungu." Lakini Mungu hakulifunga turubai lile.

Sasa sikia la juzi. Mdogo wako Saidi, aliyechukua kazi yako, alipita kuazima ngazi yetu. Bati la ghala limeng'oka.

"Na mashine?" nikamuuliza.

"Imefunikwa, shemeji. Meneja anasema vumbi la korosho litaiharibu. Itatoka wakija wageni."

Nilichukua kisu cha jikoni, nikaongozana naye mpaka ghalani, nikakata kamba moja baada ya nyingine. Meneja akaja mbio.

"Mama, hiyo ni mali ya kampuni!"

"Na Saidi ni mali ya nani?"

Wanawake wanaochambua korosho waliacha kazi, wakaja kusimama nami. Meneja alitutazama, kisha akamwita dereva wa mashine. Saidi akafunga mkanda, akapanda na kikapu, akapigilia bati, akashuka salama. Hapo ndipo nilipolia. Ni jambo jepesi kiasi hicho, mume wangu, na walikunyima.

Nakukosa. Zuhura anakuamkia, shikamoo baba. Amerefuka, na ukaidi wake ni wako mtupu.

Turubai lao nimeondoka nalo, wasipate cha kufunikia tena. Saidi amelitandaza juu ya paa letu, nami nilimshikia ngazi kwa mikono miwili. Naanikia muhogo. Meneja ameagiza lirudishwe. Nimemjibu alifuate mwenyewe: ngazi yako ipo, inaegemea ukutani. Ila mimi sitamshikia.

Pumzika, baba watoto.

Mkeo,
Mama Zuhura