Mama Mkwe na Viti Viwili vya Ndege

Kwa Mzee Waweru, Uthiru,
S.L.P. 4418,
Nairobi.
16 Agosti, 1959.

Mpendwa shemeji Sifuna,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako Lornah, na kutoka kwa baridi ya Uthiru ambayo mwezi huu imekataa kabisa kuondoka. Hujambo huko London? Kifua kimepona? Ulituandikia kwamba umekohoa wiki nzima, na mama yako aliposomewa barua ile alianza kukohoa yeye. Sisi hatujambo. Lornah ni mzima, ingawa siku hizi anatembea taratibu kwa sababu ya mzigo aliobeba, na wapwa zako hawana ugonjwa wowote ila makelele.

Mama naye hajambo. Magoti yanamsumbua kwenye ngazi, na jicho la kushoto, kama ulivyosikia, limekwisha. La kulia bado linaona, lakini vitu vya karibu tu, na daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba hilo nalo litakwenda, ila hajui lini. Tangu siku hiyo Mama ana neno moja asubuhi na jioni: anataka kukuona uso wako kabla hajafungiwa mlango. Kahawa ya msimu mzima imeuzwa Kimilili, tukaongeza zile pesa ulizotuma, nauli ikatimia.

Sasa nikueleze habari za safari yenyewe. Unajua mimi ni karani katika ofisi ya safari ya Bwana Fernandes, pale Delamere Avenue. Kazi yangu hasa ni wazee. Bibi kizee wa Karen akitaka kwenda kumwona mjukuu wake Uingereza, ni mimi nimpangiaye kiti kilicho karibu na choo, kiti cha magurudumu cha kumshusha, chupa ya mpira ya maji moto na uji usio na sukari. Yupo mmoja wa Kitisuru ambaye hakubali hata kwenda Mombasa kama si Odero aliyemkatia tikiti. Basi niliposikia Mama anasafiri, nilijipiga kifua. Nilimwambia Lornah asiwe na shaka, mama yake atasafiri kama malkia.

Nilisahau jambo moja tu, kwamba yule ni mama mkwe wangu.

Wewe unaijua heshima ya mkwe huko kwenu, na kwetu Ujaluo ni hiyo hiyo. Mimi na Mama hatushikani mkono, hatuketi kiti kimoja, hatulali chini ya paa moja, hatutazamani usoni. Hata jina lake silitamki. Nakukumbusha kwa sababu umekaa na Wazungu miaka sita masomoni, usije ukacheka mahali pasipofaa.

Mashaka yalianza siku alipofika na gari la moshi. Nilikuwa nimeazima kiti cha magurudumu cha ofisini, kile cha mabibi wa Karen, nikakisukuma hadi stesheni watu wote wakinitazama. Mama akashuka, akaniona, akageukia behewa. Nami nikageukia ukuta. Ikabidi jirani yangu Ndeti, ambaye nilikuja naye kwa bahati nzuri, ndiye aende kumpokea. Mama akakataa kukaa kwenye kile kiti, akasema yeye si mgonjwa, akaweka juu yake kapu la kuku. Tukapita katikati ya mji hivyo: mimi mbele kama mtu asiyewajua, Mama nyuma akichechemea na fimbo, na Ndeti kati akisukuma majogoo wawili.

"Sasa mimi nasukuma nini, Odero?" akanipigia kelele mbele ya watu. "Mama ama kuku?"

Niliongeza mwendo. Mabibi wa Karen hawajawahi kuniaibisha hivyo.

Tangu siku hiyo mimi ni mkimbizi. Mama analala chumbani mwetu na Lornah, na mimi nalala jikoni kwa Ndeti, mtu mwema sana mchana. Usiku anakoroma hata sufuria zinaitikia. Chakula changu huletwa na watoto, na Mama akitaka kuniambia neno humwambia birika. Kweli kabisa. Mimi nikiwa nje ya dirisha nikinyoa ndevu, utamsikia ndani: "Wewe birika, ambia mwenye nyumba makaa imeisha." Nami naliambia dirisha kwamba nitaleta jioni. Tumezoea, na hata nadhani birika lile linatupenda wote wawili.

Kisha ikaja habari ya pasipoti. Fomu ilitaka jina kamili la msafiri, na kalamu ilipofika hapo mkono wangu ukagoma, nikampa Ndeti aandike. Akaliandika kama Mkamba anavyolitamka, lakini lilisomeka. Picha ndiyo ilitutoa jasho. Tulikwenda kwa mpiga picha Mhindi wa River Road, akanipa mimi taa niishike nyuma ya kamera ili kuwe na mwanga. Picha ya kwanza ikatoka sikio la Mama. Ya pili sikio. Ya tatu, sikio na nusu ya kilemba. Mhindi akaanza kukasirika, akasema mama huyu ana shingo mbovu. Lornah ndiye aliyegundua. Akanitoa nje na taa yangu, nami nikasimama barabarani kama muuza mishumaa, na picha ya nne ikatoka uso mzima.

Lakini mazoezi ya safari yalikwenda vizuri. Lornah alipanga viti vya jikoni mstari mmoja, akamfunga Mama kwa leso kiunoni kama mkanda wa ndege, watoto wakanguruma. Mama alikaa vile mchana mzima akifuma, akasema kama ndege ndiyo hiyo basi wanaoilalamikia ni wavivu. Viatu vipya vya mpira anavivaa hata kwenda shambani kwa Mzee Waweru, tuliyepanga kwake. Tumebishana kwa njia ya birika kuhusu kuku: nilisema hakuna kuku ndani ya ndege, akajibu kwamba mwanawe hajala kuku miaka sita. Tumekubaliana kuku aende akiwa amekaushwa.

Sasa sikiliza kosa langu, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Kampuni ya ndege haimkubali mzee asiyeona vizuri bila msindikizaji, na msindikizaji lazima akae kando yake. Hilo nalijua kuliko ninavyojua sala zangu. Aliyepangwa ni Lornah, na viti vyao nilivichagua mwenyewe: viwili pamoja, nafasi ya kunyoosha magoti, choo karibu. Halafu mkunga akamwambia Lornah kwamba kwa hali yake hapandi hata baiskeli, sembuse ndege. Nikarudi ofisini nikiwa na haraka, maana siku zimekaribia. Mwingine mwenye pasipoti ni nani katika ukoo wote? Ni mimi, niliyeipata kwa ajili ya kazi. Bwana Fernandes akanipa likizo bila kununa. Nikafuta jina la Lornah, nikaandika langu kwa mwandiko mzuri, nikapiga muhuri, nikafurahi. London! Nilimwambia kila mtu ndani ya basi la Kabete.

Tulikuwa tumepita Westlands ndipo nikatazama jirani yangu kitini, mama mmoja mnene mwenye kabichi, kiwiko chake kimelala juu ya changu. Viti viwili pamoja! Mimi na Mama, kiwiko kwa kiwiko, Khartoum mpaka Roma mpaka London! Tulale bega kwa bega chini ya paa moja, na lile paa liko mawinguni, huwezi kutoka nje ukangoja! Na akitaka choo, nani atamshika mkono? Nilishuka vituo viwili kabla ya kwetu, nikamalizia kwa miguu.

Lornah aliposikia aliuliza pole pole, "Dalmas, wewe si ndiyo fundi ya safari ya wazee?"

Kesho yake nilikwenda kwa dada mmoja wa kampuni ya ndege nikauliza kama wanaweza kuweka pazia kati ya viti viwili. Akaniuliza kama ni mwiko wa dini. Nikasema ni mama wa mke wangu. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema hata yeye angelipia zaidi apate pazia la namna hiyo, lakini halipo.

Mama alipopata habari hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliliambia birika kwamba safari imekufa. Alisema hawezi kumwaibisha mkwe aliyemheshimu miaka kumi na moja, na hawezi kujiaibisha yeye. Akavua viatu vya mpira, akavifunga katika karatasi. Nilikuwa nje ya dirisha, shemeji, na nilimsikia akimwambia Lornah kwa sauti ndogo kwamba bado anaikumbuka sura yako ya siku uliyoondoka, na huenda hiyo ikatosha. Niliumia. Kisa chote kimeletwa na kujua kwangu kwingi, na anayelipa ni jicho moja la mama wa watu.

Aliyetuokoa ni mke wa Mzee Waweru, Mama Virginia Nyokabi. Alikuja kudai ndoo yake, akamkuta Lornah analia, akaelezwa. Mama huyu hana pazia mdomoni. Akaingia moja kwa moja alipokaa Mama.

"Mama Lornah, mimi sijui mambo ya huko kwenu," akasema. "Lakini hiyo macho yako haitangojea nyinyi mmalize haya. Huyu Odero atakukosea nini? Yeye hata mbuzi yangu anaogopa."

Nje ya dirisha nilitaka kupinga habari ya mbuzi, lakini nikajizuia.

Siku mbili zikapita. Hata birika halikuambiwa kitu. Jumapili, tulipotoka kanisani, kila mtu akarudi kwake, mtoto akaja kwa Ndeti akasema naitwa ndani. Ndani! Nilivaa koti. Nikamkuta Mama amekaa kwenye vile viti vya mstari, Mama Virginia na Lornah wamesimama kama mashahidi. Unajua kwamba heshima hii hulegezwa kwa zawadi mbele ya watu, ila wengi hungoja mpaka mkwe mwenyewe awe na mvi. Mimi sikuwa nimejiandaa. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni blanketi la safari, lile zito nililomnunulia kwa ajili ya baridi ya ndege. Nililiweka mabegani pake nikiangalia sakafu.

"Kaa hapa," akasema. Siyo kwa birika. Kwangu.

Nikakaa kando yake. Akasema macho yake hayaoni mbali, nisogee. Nikasogea. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama kwa lile jicho la kulia muda mrefu sana. Nami kwa mara ya kwanza nikamwona. Sifuna, kumbe wewe na Mama mna paji moja la uso! Miaka yote hii hakuna aliyeniambia.

"Miaka kumi na moja nimekupikia," akasema, "na sikujua nampikia nani."

Nililia, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Lornah alilia. Mama Virginia alilia, halafu akakumbuka ndoo. Mama peke yake hakulia. Aliendelea kunikagua, akasema masikio yangu ni makubwa kuliko alivyofikiri, sasa ameelewa wajukuu wameyatoa wapi. Kisha akaagiza viatu vyake vya mpira vifunguliwe.

Kwa hiyo tunakuja, sote wawili. Tutaondoka Embakasi Jumatano, tarehe tisa Septemba, na kufika kwenu Alhamisi. Mama ameamua mimi nikae dirishani, yeye upande wa njia, kwa sababu hataki kuona chini. Nimemwambia tutakuwa juu sana na hata mwenye macho yote haoni kitu, akasema basi nitazame mimi na nimsimulie.

Wewe nina maagizo kwako, na haya si ya karani wa Bwana Fernandes. Lornah ameiona ile picha yako ya ndevu: zinyoe. Usivae kofia. Usitupungie mkono kutoka mbali, hatakuona, atadhani hukuja. Ukituona, njoo mbio mpaka mbele yake kabisa, usimame penye mwanga, umwache akushike uso. Usiwe na haraka ya kutafuta mizigo. Mizigo ni juu yangu, pamoja na kuku.

Wapwa zako wanakusalimu, wanataka uwaletee theluji. Ndeti anakusalimu, na anasema atalala vizuri nitakapoondoka, jambo ambalo limenishangaza. Mzee Waweru na Mama Virginia wanakusalimu pia. Lornah anasema ule vizuri kabla mama yake hajakuona ulivyokonda. Mungu akulinde barabarani na darasani, na lile jicho moja atutunzie mpaka Alhamisi hiyo.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, ambaye sasa hata mama yako anamjua kwa sura,

Dalmas Odero