Nilitia Orodha ya Kasoro Ndani ya Barua ya Posa

Mpendwa Bi Marziya, nakuomba unisaidie kabla sijakihama kisiwa hiki kwa aibu. Mimi natengeneza kurasa za intaneti, na tangu mwaka wa 1998 nampenda Fariha, binti wa Mzee Abdulghafur mwenye nyumba ya wageni huku Kibokoni, naye najua hanichukii, basi wazee wangu wakakubali kwenda kuniposea, nami katika kutafuta la kumpendeza mzee nikakumbuka kwamba nyumba yake ina ukurasa kwenye intaneti, nikaichukua ile faili inayopanga rangi na herufi za ukurasa nikaipitisha kwenye programu ya ukaguzi, ambayo unaiandikia amri ya mstari mmoja tu kwenye skrini nyeusi nayo inakutolea kila kasoro na mahali ilipo, ikatoa arubaini na nane, nikafurahi, nikazifasiri zote kwa Kiswahili kizuri nikazitia bahasha moja na barua ya posa, nia yangu mzee aone anapata mkwe mwenye faida.

Nilisahau kwamba barua ya posa husomwa mbele ya watu. Ami yangu Muhdhar, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alimaliza barua akaunganisha na orodha kwa sauti ile ile ya heshima, mstari wa tatu rangi hii haijulikani, mstari wa tisa jambo hili limerudiwa bure, mpaka Mzee Abdulghafur akamkatiza akauliza, "Huyu kijana wenu yuwaposa au yuwakagua?" Nyuma ya pazia kina mama wakaguna, kwa sababu aliyeutengeneza ukurasa ule, na mimi sikujua, ni Fariha mwenyewe.

Wiki ya pili sasa hatujapewa jibu. Juzi shangazi yangu alikwenda kuwaamkia akarudi na karatasi yangu. "Fariha menipa hii tu," akanambia. Fariha amezikata kwa kalamu nyekundu kasoro arubaini na nne, na nne zilizobaki ameziwekea alama ya vema. Je, ndiyo nimekataliwa? Na wallahi zile kasoro zilikuwa za kweli.

Gharib, Mji wa Kale

*

Gharib mwanangu, nimekucheka hadi chai ikapoa, kisha nikakuonea huruma. Wenzio hupeleka halua, wewe umepeleka ukaguzi. Hata bwana afya akija kutazama jiko la mtu hubisha hodi kwanza.

Nimemuuliza jirani yangu Karisa, mwenye kazi kama yako huko Makupa. Kanieleza kwamba programu hiyo hutoa mambo mawili: makosa, ambayo huharibu ukurasa, na maonyo, ambayo ni mapendeleo yake tu. Wewe kwa haraka ya kuonekana fundi ukayajumlisha yote. Hebu itazame karatasi tena. Zile nne zenye alama ya vema, si ndizo makosa? Basi kazi hiyo Fariha anaijua kukushinda.

Tena fikiri. Msichana aliyekukataa angeipeleka karatasi hiyo kwa wachuuzi wa ufukweni Mama Ngina ikafungiwe kachiri za muhogo. Hakai na kalamu akapitia mistari arubaini na nane ya mtu asiyemtaka. Ameyakubali yake manne, na sasa angoja na wewe uyakubali yako.

Ijumaa baada ya sala, nenda na ami yako ukamuombe radhi Mzee Abdulghafur mbele ya wale wale waliosikia, na usibebe karatasi. Halafu chukua faili ya kazi yako mwenyewe, ipitishe kwenye programu ile ile, nakili kila kasoro bila kuficha hata moja, umpe shangazi ampelekee Fariha pamoja na kalamu nyekundu. Ikirudi ina wino, mwambie ami akaulizie mahari.

Unaapa kuwa kasoro zilikuwa za kweli. Sawa. Mimi nina pengo la jino la mbele, nalo ni la kweli. Marehemu mume wangu aliliona siku ya kwanza, tukaishi miaka thelathini na mmoja, na hakulitaja hata siku moja.