Watu wa Buluu Wanaongea Kikerewe

Jumanne, Pasiansi

Eti watu wa nyota nyingine! Mjukuu wangu Neema anawachora katuni, wana mikono na miguu kama sisi, ila ngozi ya buluu. Leo kaja:

"Shikamoo babu. Wanangu hawa nawatafutia lugha isiyoeleweka na mtu. Nifundishe Kikerewe."

Marahaba, na asante sana. Lugha niliyomtongozea bibi yake, leo ya mashetani ya buluu!

Nilitaka kumfukuza. Lakini wenzangu wa kuongea nao nimeshawazika wote, na humu ndani naijua mimi tu. Nikifa je...

Nimemfundisha mpaka jioni. Mwalimu kama mimi Mwanza nzima hakuna.

Halafu akaniita kula, kwa Kikerewe kibovu kabisa. Nikajifanya sijasikia, ili aite tena.