Nilipoambiwa Nichague Kifaa cha Baiskeli

Igogo, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa mke wangu Mama Koku,

Nakusalimu sana wewe na watoto wetu. Mimi ni mzima, nakula na nalala, magoti tu ndiyo yanalalamika kwa sababu ya baiskeli. Ninyi mkoje? Kile kikohozi cha Koku kimemwachia? Na Mama, mguu wake anaukanyagia sasa, au bado mnamletea kila kitu pale alipokaa? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, najua yuko karibu anakutazama.

Barua yako niliipata kwa binamu yako aliyeshuka na meli. Uliuliza jambo moja tu, nakuja lini. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe nilikuwa sina. Sasa ninalo. Lakini siwezi kukuandikia siku ya safari nikaishia hapo, maana haya mambo utayasikia kwa watu wengine pia, na wao watayaeleza wanavyopenda. Afadhali uyasikie kwangu kwanza.

Kazi yangu unaijua nusunusu. Kiwanda cha pamba kilipouzwa, mmiliki mpya alitukusanya uwanjani tukasomewa majina ya wanaobaki, na langu halikuwamo. Miezi ile niliyokuandikia kwamba mambo ni ya kawaida, nilikuwa nashinda kwenye mageti ya viwanda vya samaki nikingoja kuitwa kibarua, na jioni narudi na mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaenda Ulaya. Ndipo nikapata huu mradi wa maji. Tuko wapanda baiskeli sita. Tunazunguka vijijini, Kiseke, Buswelu na mbele huko, tunatafuta kila kisima na kila pampu, nzima au mbovu, na kuandika kilipo. Mafundi wanakuja nyuma yetu na lori, wanatengeneza.

Shida ilikuwa hapo kwenye kuandika kilipo. Tulikuwa tunaandika "mbele ya jiwe kubwa, kushoto kwa mkuyu." Mama Koku, huku mawe makubwa yako kila mahali, na mikuyu nayo haikosekani. Mafundi wakawa wanapotea. Basi mkuu wetu, mama mmoja Msukuma ambaye sote tunamwita Mama Injinia, akaenda Dar es Salaam akarudi na vifaa viwili vya majaribio. Ni vifaa vya kushika mkononi, vinasikiliza setilaiti zinazopita juu angani, halafu vinakupa namba za mahali ulipo. Wenyewe wanaviita jipiesi. Ukishapata namba za kisima, mtu mwingine mwenye kifaa kama hicho anaweza kuzifuata mpaka akafika jirani kabisa na kisima chenyewe, hata kama hajawahi kukanyaga kijiji hicho.

Kimoja kilikuwa kikubwa, kizito, kina kishikizo chake cha kubana kwenye usukani kwa skrubu. Kioo chake kinachora mstari wa njia uliyopita, na kama hakijapata setilaiti kinaandika wazi kwamba bado. Ila kinakula betri kama mtoto anavyokula karanga. Cha pili kilikuwa kidogo, kinaingia mfukoni, kinaonyesha namba na mshale tu. Hicho tulikifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu.

Mama Injinia akaniita mimi pamoja na Masanja. Masanja ndiye rafiki yangu wa hapa, Msukuma wa Magu, tulifanya kazi pamoja kiwandani na tukapunguzwa pamoja. Yeye ndiye aliyenigawia chumba chake nilipofukuzwa na mwenye nyumba. Mama Injinia akasema, "Ninyi wawili ndio mnaoendesha mbali kuliko wenzenu. Mjaribu hivi vifaa njiani, si hapa ofisini. Deo, wewe utaniambia tununue kipi." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, kwamba fedha iliyopo inatosha vile vidogo kwa wote sita, au vikubwa viwili tu. Na vikiwa vikubwa viwili, mradi utabaki na wapanda baiskeli wawili.

Tulitoka pale tukikokota baiskeli. Getini Masanja akacheka, akasema, "Basi kazi imekwisha, Muhaya. Kidogo ni kizuri sana." Nami nikacheka. Kweli nilikuwa nimeshaamua kabla ya kukanyaga pedali.

Siku za kwanza kile kidogo kilitutii. Tulipanda nacho vilima vya Kiseke, tukashuka nacho, tukapima visima ambavyo tulikuwa tunavijua, na namba zikawa karibu sawa na za kile kikubwa. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia Mama Injinia. Wenzetu wanne walikuwa wananiuliza kila asubuhi, na Bwire, yule Mjita mwenye watoto mapacha, alikuwa ananiletea chai bila kuombwa.

Wiki kadhaa baadaye tukapita katika kijiji kimoja mbele kabisa ya Buswelu. Masanja alikuwa amekipima peke yake wiki zilizotangulia, kwa kile kifaa kidogo, na namba zake zilikwisha kupelekwa kwa mafundi. Tulikuwa tunapita tu. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo akatusimamisha barabarani. Nikamwamkia "mwangaluka" na yeye akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa Masanja.

"Wewe si ndiye uliyekuja kutuandika?" akamuuliza.

"Ndiye."

"Mbona hawakuja? Tulisikia lori likipita kule malishoni kwa ng'ombe, likazunguka, likaondoka. Watoto wakakimbia kulifuata hawakulipata. Pampu ni hii hapa, mbovu vilevile. Tunakunywa ya bwawani. Watoto wanaharisha, wa jirani yangu yuko hospitali mpaka leo na hatujui kama atarudi."

Masanja alimwomba yule mama maji ya kunawa, sijui kwa nini, labda apate la kufanya na mikono yake.

Tulirudi nyuma mpaka pampu ya kijiji cha kabla ya hapo, tukaanza upya njia ileile, safari hii vifaa vyote viwili kwenye usukani wangu. Ile barabara ni mbaya, makorongo na changarawe. Katikati ya njia kile kidogo kikazimika. Betri zilikuwa zinarukaruka ndani kwa mtikisiko. Nikakiwasha, tukaendelea, tukafika kwenye pampu. Kikubwa kikatoa namba zake. Kidogo nacho kikatoa namba, nzuri kabisa, zimetulia. Lakini zilikuwa namba za mahali kilipozimikia, kule nyuma malishoni. Kilikuwa hakijapata setilaiti tena, kikawa kinaonyesha kilichokumbuka, na hakisemi kwamba kinakumbuka tu.

Nilimwonyesha Masanja. Aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akakaa chini kwenye zege la pampu.

"Hapa ndipo niliposimama," akasema. "Nilisubiri, Deo. Nilisubiri kabisa mpaka nikaona namba."

Nilimwamini. Mtu mwingine yeyote angeziandika zile namba. Nikasema labda tukijua tabia yake tutajihadhari. Kesho yake nikakijaribu mwenyewe kwenye barabara nyingine yenye mashimo, macho yangu yakiwa hapohapo, na bado kilinidanganya. Kilizimika na kuwaka bila mimi kuona, nikiwa nakwepa ng'ombe.

Jioni hiyo tulikula ugali. Tulipomaliza Masanja akasogeza sahani, akasema, "Nimefikiri. Utamwambia Mama Injinia kwamba mimi ndiye niliyekosea kuandika namba. Kifaa usikitaje. Atanifukuza mimi mmoja, ninyi watano mtabaki, na atanunua vile vidogo. Mimi ni mtu wa hapa, kwetu Magu kuna mashamba. Wewe una watoto ng'ambo ya ziwa."

"Na wale watakaopimwa vibaya tena?"

"Mtakuwa waangalifu."

"Nilikuwa mwangalifu leo, Masanja."

Akanyanyuka akaenda kukoga. Mama Koku, nataka ujue nilichofikiri usiku ule nikiwa kitandani, maana wewe hunioni nikifikiri. Nilikufikiria wewe na bati za nyumba tulizosema. Nilimfikiria Bwire na mapacha wake. Nilimfikiria yule mama mwenye ndoo, ambaye jina lake hata sikuliuliza. Na kuna wazo jingine, siwezi kulificha kwako: nilijiambia kwamba vikinunuliwa vikubwa viwili, mimi niliyevijaribu lazima niwe mmoja wa wawili hao. Wazo hilo lilinisaidia kuwa mkweli. Sijui kama ningekuwa mkweli bila hilo. Bado najiuliza.

Asubuhi nilimweleza Mama Injinia kila kitu, Masanja akiwa amesimama pembeni yangu ameinamisha kichwa. Alipotaka kusema kosa ni lake nilimshika mkono. Nilimwambia mama yule tutoke mpaka barabarani, nikakitikisa kile kidogo mbele yake, kikazimika, tukarudi ndani ya geti nikakiwasha, akaona mwenyewe namba zake. Tulikuwa uani kwa ofisi, naye alisoma namba za barabarani.

Akaniuliza, "Kwa hiyo unachagua kikubwa?"

"Kwa baiskeli, mama, na kwa barabara hizi, nachagua kikubwa."

"Unajua maana yake."

"Najua."

"Na vyote vilivyopimwa kwa kile kidogo?"

"Virudiwe. Tuanze na kile kijiji."

Alitujibu siku chache baadaye. Alitukusanya wote sita chini ya ukuta wa ghala, akaeleza bila kuzungusha. Akasema wanaobaki lazima wajue Kisukuma vizuri, kwa sababu sasa watakuwa wawili peke yao, kila mmoja njia yake, hakuna wa kumtafsiria mwenzake. Akamtaja kijana mmoja wa Misungwi. Akamtaja Masanja. Mimi nilibaki nikimtazama mdomo nikingoja uendelee, lakini ulikuwa umefumbwa.

Kisukuma changu, kama unavyojua, kinaishia kwenye salamu na kuomba maji.

Bwire hakunipa mkono. Alisema mbele ya wote, "Umetuuza, na wewe mwenyewe hukulipwa." Mpaka leo akiniona sokoni anavuka upande wa pili, na simlaumu. Masanja ndiye aliyeumia kuliko mimi. Alikwenda kwa Mama Injinia kuomba nafasi yake nipewe mimi, akaambiwa haiwezekani, akarudi akakaa mlangoni akiwa na kofia mkononi. Nikamwambia, "Masanja, kazi si sahani kwamba utanisogezea." Tukacheka kidogo, halafu tukaacha.

Juzi alirudi kutoka kule mbele ya Buswelu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikwenda na kifaa kikubwa, akapima upya, na safari hii lori lilifika moja kwa moja. Pampu inatoa maji. Nikamuuliza habari za yule mtoto aliyekuwa hospitali. Akasema ametoka, amekonda, lakini yuko nyumbani. Nilimwomba arudie hilo neno la mwisho, akalirudia.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: nakuja na meli ya Ijumaa ijayo. Sirudi na fedha ya bati. Mradi umetupa sisi wanne baiskeli tulizokuwa tunaendesha, ndiyo kiinua mgongo chenyewe, na yangu nitaipakia melini. Nimefikiri naweza kubeba kahawa na ndizi za majirani mpaka mnadani badala ya kungoja gari, lakini hilo tutalizungumza wote wawili, sitaki niamue huku nikuletee uamuzi. Kama una wazo lako bora, lishike mpaka nifike.

Nisalimie Baba na umpe shikamoo, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Nisalimie mama mkwe na mdogo wako wa kike, nasikia amejifungua salama, hongera kwake. Kaka yangu mkubwa mwambie asimwuzie mtu ile migomba ya mpakani, sasa mkulima wake anarudi. Jirani yetu fundi cherehani naye msalimie, pamoja na wanajumuiya wote wanaoniulizia. Watoto waambie baba anakuja, lakini usiwaambie siku, meli zenyewe unazijua.

Nitashukia Kemondo alfajiri. Najua ulitegemea mengine, nami sitakuomba ufurahi. Kama umekasirika, njoo na hasira yako hivyohivyo, tutatembea nayo mpaka nyumbani. Nikishuka nisikukose tu pale bandarini.

Ni mimi mumeo,
Deogratias, Baba Koku